Mzee David Musuguri: Askari Aliyejua Njia ya Kurudi Nyumbani



Tarehe 29 Oktoba 2024, katika mji wa Mwanza kule Tanzania, mzee mmoja alifariki akiwa na miaka 104. Jina lake David Musuguri. Alikuwa jenerali. Alipigana katika vita mbili kubwa, akaongoza askari maelfu, akaingia Kampala na jeshi lake, akawa mkuu wa majeshi yote ya Tanzania. Lakini akazikwa Butiama, kijiji kile alichozaliwa, katikati ya mashamba na malisho ya ng'ombe.

Pengine unauliza: mambo ya jenerali wa Tanzania yanatuhusu nini sisi wa Bunia, wa Mongbwalu, wa Nizi na wa Kilo? Ngoja kidogo. Vita aliyoongoza ule mzee ilifika karibu sana na mlango wetu, na wazee wa Aru wanaikumbuka. Tena kuna jambo moja katika maisha yake ambalo sisi wa Ituri tunalitafuta kwa machozi tangu miaka mingi. Soma pole pole, nawe kijana usiruke mistari.

MTOTO WA NCHI YA NG'OMBE

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1920 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya ziwa Victoria. Ndiyo kijiji kile kile ambapo Julius Nyerere, baba wa taifa la Tanzania, alizaliwa miaka miwili baadaye. Wazanaki ni watu wa jembe na wa ng'ombe. Kwao, kama vile kwa ndugu zetu wengi wa Djugu, wa Irumu na wa Mahagi, ng'ombe si nyama tu. Ng'ombe ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya siku ya ugonjwa, ni heshima ya mzee mbele ya wenzake.

Wewe uliyekua karibu na zizi unajua masomo yake. Mchunga ng'ombe anaamka mapema kuliko jua. Anahesabu jioni, na kama mmoja amepungua hapati usingizi. Hapigi ng'ombe ovyo ovyo, kwa sababu ng'ombe aliyepigwa ovyo anamkimbia bwana wake siku ya hatari. Tena anajifunza kungoja. Mtamba anachukua miaka kama mitatu au minne mpaka azae mara ya kwanza, na mimba yenyewe ni miezi tisa, sawa vile ya mama yako. Hakuna njia ya mkato. Huwezi kumwambia ng'ombe: Zaa leo, nina haraka.

Usisahau somo hili la kungoja. Tutalirudilia.

BUNDUKI YA WAINGEREZA

Mwaka wa 1942 kijana Musuguri aliingia jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles. Wazee wa Tanzania, Kenya na Uganda waliliita Keya. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa tano mwaka ule Waingereza walishuka kwenye kisiwa cha Madagascar, ambacho kilikuwa mikononi mwa Wafaransa waliofuata serikali ya Vichy, iliyoelewana na Ujerumani. Askari weusi wa Afrika ya Mashariki walipelekwa kupigana huko, na Musuguri alikuwa mmoja wao. Mwezi wa kumi na moja Wafaransa wale wakaweka silaha chini.

Sisi pia tulikuwa na wazee wa namna hii. Mwaka wa 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakavuka Sudani mpaka Abisinia kupigana na Waitalia. Tarehe 3 Julai 1941 majenerali wa Italia walijitoa mbele yao kule Saio. Nyuma ya askari walitembea wapagazi wengi, na wengi walikufa njiani kwa magonjwa na uchovu. Waliorudi walileta medali na hadithi. Kisha walirudi kwenye jembe, kwenye zizi, au kwenye kazi ya kampuni. Leo karibu wote wamelala. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, uliza jina lake kamili uliandike, lisipotee.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Baada ya vita Musuguri alibaki jeshini. Mwaka wa 1947 alikuwa sajini, naye akawekwa kufundisha askari wapya huko Kahawa, karibu na Nairobi. Kati ya vijana waliopita mikononi mwake alikuwako mmoja mrefu, mwenye nguvu nyingi, aliyeingia jeshini mwaka wa 1946. Baadaye alikuwa bingwa wa ngumi katika Uganda. Aliitwa Idi Amin.

Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa upande wa Koboko. Wakakwa ni majirani na ndugu zetu. Mpaka uliochorwa na wazungu uliwagawanya katika nchi tatu: Uganda, Sudani na Kongo, na kwetu wako Aru. Sitaji kabila ili mtu alaumiwe. Dhambi ya mtu mmoja si ya kabila lake, na sisi wa Ituri tungepaswa kulijua neno hilo kuliko watu wote. Nalitaja ili uone kwamba hadithi hii si ya mbali.

Basi angalia watu hawa wawili. Jeshi moja, gwaride moja, chakula kimoja. Wote wawili walitoka vijijini. Wote wawili walijua bunduki. Wote wawili waliona namna mkubwa anavyotii, na namna mdogo anavyotii. Tofauti yao ilionekana baadaye, kila mmoja alipopata nguvu mkononi.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa safarini Singapore, Amin aliipindua serikali yake. Bunduki aliyopewa ili alinde nchi akaigeuza kuwa kiti cha kukalia. Miaka minane Uganda ililia. Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, aliuawa mwezi wa pili 1977 kwa sababu alisema ukweli. Makanisa yetu ya Ituri bado yanakumbuka jina lake.

NG'OMBE WA KAGERA

Mwisho wa mwezi wa kumi mwaka wa 1978, askari wa Amin walivuka mpaka wakaingia Tanzania, katika nchi ya Kagera. Wakateka sehemu yote ya kaskazini ya mto. Na walifanya nini huko? Jambo ambalo sisi tumeliona kwa macho yetu: waliua raia, walichukua wanawake, walibeba mali za nyumba. Wakafukuza ng'ombe. Maelfu ya ng'ombe wa wanavijiji na wa ranchi za serikali walivushwa mpaka kwenda Uganda.

Mpenzi msomaji, angalia jambo hili vizuri. Askari aliyeacha sheria anajulikana haraka kwa ng'ombe. Siku anapoanza kufukuza ng'ombe wa raia, si askari tena, hata akivaa kofia na nyota. Amekuwa mwizi mwenye sare.

Nyerere alitangaza kwamba nchi itapigana. Jeshi la Tanzania lilikuwa na watu chini ya 40,000. Kwa muda mfupi likapita 150,000, pamoja na mgambo wapata 40,000. Hawa mgambo walikuwa nani? Wakulima na wafugaji. Watu waliotoka shambani wakapewa bunduki.

Musuguri alipewa kuongoza Divisheni ya 20. Mwezi wa pili 1979 mji wa Masaka ulitekwa. Tarehe 10 mwezi wa tatu, huko Lukaya, penye barabara ya kupita kwenye majimaji kuelekea Kampala, mambo yalikuwa mabaya. Libya ilikuwa imemletea Amin askari na makombora. Brigedi ya 201 ya Tanzania, iliyokuwa na mgambo wengi wasiozoea vita, ilishtuka ikatawanyika. Wakubwa wengine wangeita jeshi lirudi nyuma. Musuguri aliamuru Brigedi ya 208 izunguke mpaka ikatokea upande mwingine wa adui. Kesho yake, tarehe 11, adui alibanwa katikati akakimbia. Baada ya Lukaya, njia ya Kampala ilikuwa wazi. Tarehe 11 Aprili 1979 mji mkuu ulikuwa mikononi mwa Watanzania na Waganda waliopigana pamoja nao. Tarehe 3 Juni jeshi lilifika mpaka wa Sudani, na vita ikaisha.

Lakini tusipambe vita kama bibi arusi. Mji wa Masaka uliharibiwa vibaya na askari wa Tanzania wenyewe. Kule Mutukula pia walivunja nyumba na kuua raia kwa kulipiza kisasi, mpaka Nyerere akatoa amri kwamba raia wasiguswe. Katika Kagera raia wapata 1,500 walikuwa wameuawa na watu wa Amin. Tanzania ilipoteza askari 373. Hata vita yenye sababu ya haki inachafua mikono ya wanaoipigana.

Na hapa ndipo hadithi inafika kwetu. Jeshi lilipokaribia West Nile, watu walikimbia. Wanawake, watoto, wazee, na askari waliovua sare, walivuka mpaka. Wengi waliingia Sudani, na wengine wengi wakaingia Zaire kwa njia ya Aru na Mahagi. Mwaka wa 1980 mapigano yalirudi tena upande ule wa Arua, na wengine wakakimbia tena. Waliishi katikati yetu miaka. Watoto wao walisoma na watoto wetu. Kumbe ile vita ya Kagera, iliyoanza na wizi wa ng'ombe mbali kule, ilikuja kulala katika nyumba za Ituri.

JAMBO GUMU KULIKO LUKAYA

Mwaka wa 1980 Musuguri aliwekwa kuwa mkuu wa majeshi ya Tanzania, akimfuata Jenerali Abdallah Twalipo. Alishika kazi ile miaka minane.

Sasa fikiri. Mtu huyu alikuwa ameshinda vita. Askari walimpenda. Alijua njia ya kuangusha serikali, maana alikuwa ameiangusha ya jirani! Katika miaka ile kutwaa nchi kwa bunduki kulikuwa kama ugonjwa wa kuambukiza katika Afrika. Kama angetaka, tamaa ingeweza kumnong'oneza: Juu ya nini utii raia asiyejua bunduki?

Mwaka wa 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari yake akarudi Butiama kulima. Musuguri alibaki chini ya rais mpya, Ali Hassan Mwinyi, akamtii kama alivyomtii yule wa kwanza. Mwaka wa 1988 siku yake ilifika. Akakabidhi jeshi kwa Jenerali Ernest Mwita Kiaro, akarudi kijijini.

Miaka mingapi aliishi baada ya kukabidhi? Hesabu: toka 1988 mpaka 2024 ni miaka 36. Hakuanzisha kundi la porini. Hakuita askari wake wa zamani wamtafutie kiti. Aliishi kama mzee wa kijiji katika nchi ya jembe na ng'ombe. Vijana walikuja kumwuliza habari za zamani, viongozi walikuja kumsalimia. Mwezi wa kwanza 2020 alitimiza miaka 100.

Na mwanafunzi wake wa Kahawa? Amin alikimbilia Libya, kisha Saudia. Alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, mbali na Koboko, na hakuona tena kijiji cha baba yake. Alikuwa amejipa vyeo na medali nyingi kuliko mwalimu wake. Njia ya kurudi nyumbani hakuwa nayo.

Ndugu, hii ndiyo sababu nimekuandikia habari hizi. Kukamata bunduki si kazi ngumu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza, na sisi tumewaona. Kupiga risasi si ushujaa. Kazi iliyo ngumu kuliko Lukaya ni kuiweka bunduki chini, kurudi kijijini, na kukaa huko bila mtu kukuogopa.

NA SISI WA ITURI?

Mwaka ule wa 2003 ambao Amin alikufa, sisi hapa Bunia tulikuwa tunazika watu wetu. Wale waliokuwa hapa mwezi wa tano wanajua, sitaandika mengi. Baadaye, tangu 2004 mpaka 2005, vijana zaidi ya 15,000 wa Ituri waliweka silaha chini. Tulishangilia. Lakini wengi walirudi kwenye nini? Kijiji kimeungua. Zizi ni tupu, maana ng'ombe wa nyanda zetu waliisha kwa kuibwa na kuchinjwa. Shamba linagombaniwa. Mpango wa kuwasaidia ulichelewa, ama ulitoa kidogo. Wengi wakaenda kwenye mashimo ya zahabu. Na tangu mwisho wa 2017 moto uliwaka tena katika Djugu, na bunduki zikarudi mabegani.

Najua neno mtakalosema: Mchungaji, yule alikuwa jenerali. Alikuwa na pensheni. Serikali ilimlinda. Mtoto wangu alitoka porini na suruali moja, nani amlinde?

Mnasema kweli. Silipingi neno hilo. Serikali iliyomwita kijana aache silaha ina deni kwake: usalama, kazi na haki. Na wale walioua lazima wajibu mbele ya sheria, maana msamaha haufuti machozi ya mjane. Tuyadai mambo haya bila kuchoka.

Lakini kumbuka wale mgambo wa Tanzania. Hawakuwa majenerali. Walikuwa watu wa jembe kama wewe, na wengi walirudi kwenye jembe. Kurudi kwao kulihitaji mambo matatu. La kwanza, mkubwa aliyewaambia warudi, na yeye mwenyewe akaonyesha njia. La pili, kijiji kilichowafungulia mlango. La tatu, kazi ya mikono yenye kungoja matunda. La kwanza liko mikononi mwa wakubwa. Lakini la pili na la tatu, sehemu kubwa iko mikononi mwetu, katika jamaa zetu.

HESABU YA BARIERE NA HESABU YA MTAMBA

Kijana, tuongee kama watu wazima. Bunduki inakupa chakula leo. Unasimama kwenye bariere ya njia ya machimbo, mchimbaji anapita na zahabu yake kidogo, mama anapita na beseni ya mihogo, kila mmoja anatupa franka. Jioni mfuko umejaa. Kesho tena. Lakini hesabu ya mwaka? Pesa ile ilikwenda wapi? Kwenye pombe, kwenye simu, kwa mkubwa wako anayekaa mbali na risasi. Na huwezi kupita kijiji cha jirani bila kuangalia nyuma.

Mtamba hakupi kitu leo. Anakudai majani, maji, dawa ya kupe. Mwaka wa kwanza jirani anakucheka. Mwaka wa nne una ndama na maziwa. Mwaka wa kumi watoto wako wanasoma, na unapopita njiani watu wanakuita baba. Hata kama hujaweza kupata ng'ombe, anza na kuku, kisha mbuzi, kisha uone. Hii ndiyo njia iliyojenga mazizi ya babu zetu.

Soma 1 Samweli mlango wa 25. Daudi, mchunga kondoo aliyekuwa askari, alikaa porini na watu wapata mia sita. Walikuwa wamelinda kondoo wa tajiri Nabali, wakadai malipo. Nabali akakataa kwa matusi. Daudi akafunga upanga aende kuua kila mwanamume wa nyumba ile. Je, si bariere yetu hii? Aliyezuia damu ni mwanamke, Abigaili, aliyepakia punda chakula akatoka kumlaki njiani na maneno ya hekima. Naye Daudi akakubali kurudishwa. Hapo alionekana mkubwa kuliko siku ya Goliati.

Soma tena Luka 3:14. Askari walipomwuliza Yohana wafanye nini, hakuwaambia mambo ya juu sana. Aliwakataza kunyang'anya watu kwa nguvu na kusingizia, akawaambia mshahara wao uwatoshe. Miaka elfu mbili imepita, na neno hilo ni kama limeandikwa jana kwa ajili ya njia ya Mongbwalu.

NYAMA ISIYO NA MWENYEWE

Neno la mwisho ni kwenu ninyi wazazi, nami nalisema kwa upendo.

Bunduki ya kijana hailishi kijana peke yake. Inatokea kwamba mtoto aliye porini analeta usiku mguu wa ng'ombe. Baba haulizi. Mama anaweka sufuria motoni. Watoto wadogo wanakula, wanafurahi, na wanajifunza bila kufundishwa: kumbe kaka yetu anafanya kazi nzuri. Jumapili tunaimba pamoja kanisani. Lakini ule ng'ombe alikuwa na jina. Kuna mahali mtoto mwingine alimlilia, na mzee mwingine alihesabu jioni akakuta amepungua.

Baba, uliza. Uliza usiku ule ule: Ng'ombe huyu ni wa nani? Kama hana jibu, nyama isiingie nyumbani. Mtoto atakasirika. Heri akasirike, kuliko wewe kumfungia njia ya kurudi kwa kula pamoja naye. Maana siku atakapotaka kurudi, atakuja kwa nani, kama nyumba yake mwenyewe ilikuwa ghala ya wizi?

Na akirudi kweli, amekabidhi silaha, amekwenda mbele ya wenye sheria na mbele ya wazee, usimwite jina la porini. Mwite jina alilopewa na mama yake. Mpe jembe, mpe kamba ya mbuzi mmoja, mpe mahali pa kukaa kanisani. Na jamaa waliofiwa tusiwalazimishe kucheka haraka. Tukae nao, tusikilize, tulipe kinacholipika. Kidonda kinapona pole pole, sawa vile ng'ombe anavyokua.

Mzee Musuguri alishika bunduki toka 1942 mpaka 1988, miaka 46. Hata hivyo, siku alipoambiwa imetosha, alijua njia ya kwenda Butiama. Kijana wetu aliyeshika bunduki miaka mitatu, je, anajua njia ya kwenda kwao? Na kama anaijua, sisi tumeacha mlango wazi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Musuguri na Amin walipita jeshi moja. Unafikiri ni nini kiliwatenganisha?

2. Soma 1 Samweli 25. Katika kijiji au machimbo yenu, ni nani anayeweza kufanya kazi ya Abigaili? Anahitaji msaada gani?

3. Je, katika nyumba yetu kuna kitu tulichokula au tunachotumia bila kuuliza kilitoka wapi? Tufanye nini nacho?

4. Kijana akirudi leo kutoka porini, jamaa yetu inaweza kumpa kazi gani ya kuanza nayo kesho asubuhi?